Tangazo la Msiba wa Mtu Aliye Hai

Afua Takyiwaa hakupita tangazo la msiba ukutani bila kusimama. Hata tukiwa tumechelewa, hata mvua ikinyesha na mimi nimejitwisha mfuko wa vinasa sauti, alisimama, akavaa miwani, akasoma jina la marehemu kwa sauti, kisha umri, kisha akanyamaza kidogo kama mtu anayepiga hesabu. Kuta za Kumasi zimejaa matangazo hayo. Kila wiki mapya hubandikwa juu ya yale ya zamani, yana picha kubwa ya marehemu akiwa na nguo yake bora, na juu ya picha maneno mekundu. Aliyekufa mzee huandikiwa "Ameitwa Kupumzika". Aliyekufa kabla ya wakati wake huandikiwa "Mshtuko Ulioje!"

"Ekua, njoo uone," aliniambia siku moja karibu na soko la Kejetia. "Huyu wa miaka sitini na mitatu wamempa mshtuko. Yule wa jana, sitini na mmoja, ameitwa kupumzika. Sasa mpaka uko wapi?"

"Muulize Opare. Si yeye anayechapa?"

Akaenda kumuuliza kweli. Opare alikuwa na mashine yake ya kuchapa mtaa wa Asafo, na hakuinua hata kichwa.

"Inategemea watoto wanalia kiasi gani wakija kuagiza," alisema.

"Na mimi utaniandikia nini?"

"Wewe? Wewe nitaandika 'Hatimaye Kimya'."

Takyiwaa alicheka mpaka akashika ukuta. Alipenda watu wa kumjibu hivyo. Mimi ni Mfante, mtu wa pwani, na huku Wafante tunataniwa kwa kupenda kula; nilisomea sauti chuoni Accra nikaja Kumasi kwa kibarua cha muda mfupi, na miaka yote niliyofanya kazi naye hakuniita fundi hata siku moja. Aliniita "wewe Mfante", na kila tulipokaa kula aliwaonya wenzangu wachukue nyama kabla sijanawa.

Misiba ndiyo iliyomlisha. Alizaliwa Mampong, akaja mjini akiwa msichana, akauza kanda za filamu barabarani. Kanda zilipokufa akanunua kamera, akawa mtu wa kurekodi mazishi. Kila Jumamosi utamkuta uwanja fulani katikati ya watu wa nguo nyeusi na nyekundu, ameinama mbele ya wafiwa, anawaambia kwa upole wageuze uso kidogo kwenye mwanga. Alichopata kwenye misiba alikigawa, nusu ya chakula na nusu ya filamu zake mwenyewe. Hakuwa na kampuni wala mfadhili. Aliandika, akaongoza, akapika supu ya watu wote, kisha akaizungusha filamu kwenye kumbi za makanisa na shule. Mume wake alikwenda Italia akabaki hukohuko, na hawakujaliwa mtoto. Watu walimlalamikia kwamba filamu zake hazina mchawi. Mwanamke mmoja wa Bantama alimsimamisha njiani akamwambia, "Takyiwaa, nimeangalia mpaka mwisho. Sasa kama hakuna mchawi, mimi nimlaumu nani?"

Alipokaribia hamsini aliandika habari ya Amma. Amma ni muuza vitenge, watoto wameshaoa na kuolewa, na ndiyo kwanza anaanza kujinunulia viatu kwa ajili yake mwenyewe. Halafu anaugua titi. Hamwambii mtu. Anaendelea kufungua duka na kupanga vitenge, mpaka inakuwa haiwezekani tena.

"Umeitoa wapi hii?" nilimuuliza nilipomaliza kusoma. Ilinikaa kifuani siku nzima.

"Sokoni. Kila mwanamke sokoni anayo habari hii, ya kwake au ya jirani."

Nikaamini. Sote tuliamini.

Nafasi ya Amma alipewa Mansa Boatemaa, mwigizaji anayejulikana mpaka vijijini. Alifurahi mpaka alipofika kwenye kurasa za mwisho, ambapo Amma analala kitandani akingoja kufa, kisha binti yake anarudi kutoka safari na kukuta tangazo la msiba wa mama yake ukutani. Picha ya Mansa ingekuwa kwenye tangazo hilo. Alikuja siku ya pili, mkoba bado begani, hakutaka hata kukaa.

"Dada, nimeongea na mchungaji wangu. Amesema hapana."

"Amesoma?"

"Hajasoma. Ameota."

"Basi mwambie aendelee kulala, huenda akaota na mtu wa kucheza badala yako."

Tulitafuta mwingine, hatukupata. Kila mwanamke wa umri ule aliyesikia habari ya picha ukutani aligundua ana safari. Mwishowe Takyiwaa akasema atacheza mwenyewe. Tawia, mpiga kamera wetu, alimuuliza kama haogopi. Akajibu kwamba ameshasimama karibu na majeneza mengi, na mpaka leo hakuna hata moja lililomwita kwa jina.

Kitu kimoja tu kilikuwa kipya. Mwigizaji hufungwa maikrofoni ndogo kifuani, ndani ya nguo, na kufunga ni kazi yangu. Kwa Takyiwaa haikuwezekana. Kila asubuhi aliichukua mkononi mwangu akaingia nayo chumbani akafunga mlango. "Mikono yako baridi, Mfante," alisema. "Kaiweke kwanza kwenye chai." Sauti ilitoka safi, kwa hiyo sikuwa na la kudai.

Tangazo tulilihitaji kwa kipande kimoja tu. Opare alipewa picha ya Takyiwaa akiwa na kitenge cha Amma, akaambiwa achape nakala tatu, moja ya ukutani na mbili za akiba. Jina la marehemu lilikuwa la kubuni, Madam Georgina Amma Pokuaa Dapaah, miaka hamsini. Takyiwaa mwenyewe alichagua maneno ya juu, "Mshtuko Ulioje!" Mahali pa mazishi akaandika Mampong, kwa sababu, alisema, mkono ulizoea kuandika Mampong.

Siku ya kushuti Amma kitandani tulikuwa katika nyumba ya kupanga Ayigya. Takyiwaa alipakwa poda ya rangi ya majivu, midomo ikakaushwa kwa unga wa muhogo, akafunikwa shuka jeupe mpaka shingoni. Simu zote zilikuwa kwenye beseni uani, zimezimwa, kama ninavyodai siku zote. Tawia alikuwa ameinamia kamera. Chumba kilitulia hata nikasikia shuka likipanda na kushuka.

Ndipo nikasikia kilio.

Kwenye hedifoni kilianza mbali, mtu mmoja, kisha wengi, kikawa kinakuja. Nilidhani ni waombolezaji tuliowakodi wamekosea siku. Nilinyoosha mkono kumwashiria Tawia asimamishe kamera, na kabla hajaniona mlango ulifunguka kwa kishindo. Wanawake waliingia wakiwa na nguo nyeusi na nyekundu, mikono kichwani. Mbele yao alikuwa Bibi Dufie, mdogo wa marehemu bibi yake Takyiwaa, kikongwe ambaye kwa kawaida hutembea kwa kushikwa. Siku hiyo hakushikwa na mtu. Alienda moja kwa moja mpaka kitandani, akaanguka, akalaza uso wake kwenye miguu iliyofunikwa shuka.

"Takyiwaa ee! Takyiwaa, mama, unatangulia na mimi niko hapa?"

Takyiwaa alikuwa mtu wa kutovumilia kuvurugiwa. Akaketi wima, na uso wake wa majivu, akasema, "Nani amefungua mlango?"

Kisha watu wakakimbia. Mwanamke mmoja alipita dirishani, na dirisha lilikuwa dogo. Mwingine alivua viatu kwanza, akavishika mkononi, ndipo akakimbia. Kati yao chumbani walibaki wawili. Bibi Dufie hakuweza kuinuka. Mjomba Bosiako, kaka yake mama yake Takyiwaa na mkuu wa ukoo wao, alisimama mlangoni amekaza fimbo kwa mikono miwili.

"Kama wewe ni mzimu, sema," alisema.

"Mjomba, mimi ni Takyiwaa."

"Hilo nalijua. Nimeuliza kama ni mzimu."

"Mzimu hapakwi poda, Mzee," Tawia akasema.

Mjomba Bosiako akaingiza mkono kwenye mgolole wake akatoa karatasi iliyokunjwa, nyuma yake gundi bado mbichi. Ilibanduliwa ukuta wa stendi ya Mampong. Picha ya Takyiwaa, kitenge cha Amma, maneno mekundu juu.

"Lakini hili si jina langu!" Takyiwaa akapiga kelele. "Someni! Georgina Dapaah ni nani?"

"Tulidhani ni jina la kanisani," mjomba akasema. "Nani huku hufa na jina lake analojulikana? Mume wa dada yako tulimwita Fundi Redio maisha yake yote, tukasoma ukutani kwamba ni Ebenezer Theophilus. Tulimlilia vilevile."

Na ni kweli. Walipiga simu ya Takyiwaa wakaikuta imezimwa, wakapiga tena na tena. Simu ya marehemu huzimwa. Kila walivyopiga ndivyo alivyozidi kufa. Wakaja Kumasi, na majirani zake wakawaelekeza hapa Ayigya.

Opare tulimpata kwenye simu palepale. "Nilikwambia tatu!" Takyiwaa alimfokea.

"Mashine yangu haijui tatu, Dada. Ikishapata moto inachapa fungu. Zilizobaki nilimpa Gyimah akazitupe."

"Gyimah mbandikaji? Ulimpa Gyimah?"

Gyimah alikuwa na ndoo yake ya gundi na pikipiki yake, na katika maisha yake hakuwahi kupewa tangazo akalitupa. Alikuwa amembandika Takyiwaa kila njia panda kuanzia Kejetia mpaka barabara ya Mampong, pamoja na marehemu wengine wa wiki ile.

Hadi hapo Takyiwaa alikuwa na hasira tu. Alimwambia mjomba ampe saa moja, mwanga unaondoka.

"Mwanga?" Mjomba Bosiako alisema taratibu. "Frema amelala sakafuni nyumbani, wanampepea. Tangu alipoona karatasi hii hajasema neno. Wewe unanieleza habari ya mwanga?"

Frema ni mama yake. Niliona uso wa Takyiwaa ukibadilika chini ya poda. Akashuka kitandani, akatafuta kandambili, akavaa moja ya kwake na moja ya Tawia.

Mama alisikia sauti yake kwenye simu dakika hiyohiyo, akaanza kulia, nasi tukadhani mambo yamekwisha. Lakini huku mtu aliyeliliwa akiwa hai harudi tu kukaa na wenzake. Machozi yameshamfuata. Anatakiwa kurudi kwao, kuogeshwa na wanawake wazee wa ukoo, kuvikwa nyeupe na kulishwa viazi vikuu vilivyopondwa kwa mawese, na mayai juu yake, ili roho yake ijue inatakiwa hapa. Takyiwaa aliposikia habari ya kuogeshwa alisema mara moja kwamba haina haja. Akasema atavaa nyeupe, atakula mayai hata ishirini, lakini ataoga mwenyewe.

"Tangu lini maiti ikajiogesha?" Bibi Dufie alimuuliza. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Tawia cha kamera, anakunywa maji, na rangi imeanza kumrudia.

"Bibi, mimi si maiti."

"Ndiyo tunataka kuhakikisha."

Watu wakacheka, kicheko kile cha waliotoka kwenye hofu. Takyiwaa hakucheka. Nilimwona, nikadhani anafikiria siku za kazi zinazopotea.

Asubuhi ya pili tulikuwa Mampong. Uani pamejaa watu, vyungu viko motoni, nguo nyeupe kila mahali. Mama Frema alikuwa jikoni anaponda viazi mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Nyuma ya nyumba walikuwa wamezungushia mabati kwa ajili ya kuoga, na ndani kuna beseni kubwa la maji yenye majani. Wanawake wawili wazee waliingia pamoja na Bibi Dufie. Takyiwaa alisimama nje ya bati, ameshika kitenge chake kifuani kwa ngumi.

"Ekua aje anishikie nguo," alisema.

"Mfante?" mmoja wa wale wazee akashangaa. "Ataelewa nini?"

"Ndiyo maana nataka yeye."

Nikaingia. Hata hapo sikuwa na wazo lolote. Nilikuwa naangalia majani kwenye maji, najiuliza ni ya mti gani. Bibi Dufie akachota maji kwa kibuyu, akaanza kunong'ona maneno yake, akasema, "Haya, vua." Takyiwaa akanipa kitenge.

Titi la kushoto lilikuwa limefungwa kitambaa cha hospitali, kimeshika doa la manjano. Pembeni ya kitambaa ngozi ilikuwa ngumu na yenye vishimo, kama ganda la chungwa, imevutwa ndani. Uvimbe ulikuwa umepanda mpaka kwapani. Yule mzee aliyenitania alirudi nyuma akagonga bati. Bibi Dufie alibaki na kibuyu hewani, maji yanamchuruzika mkononi mpaka kwenye kiwiko, na maneno aliyokuwa akinong'ona yakakatika katikati.

Nje walikuwa wanaimba.

"Tangu lini?" Bibi Dufie aliuliza.

"Kabla ya Krismasi."

"Daktari ameona?"

"Ameona. Alitaka kulikata mara moja. Nilimwambia nimalize filamu kwanza."

"Filamu," Bibi Dufie akarudia, kama mtu aliyepewa kitu mkononi na hajui kinashikwaje.

Mimi nilikuwa nimekumbatia kitenge chake. Nilimkumbuka kila asubuhi akichukua maikrofoni mkononi mwangu na kufunga mlango. Niliyemsikia kwenye hedifoni siku zote zile, akihema kwa ajili ya Amma, nilimsifu. Nilimwambia, Dada, jana ulihema vizuri sana.

"Msimwambie Mama," Takyiwaa akasema. "Nawaomba. Kimebaki kipande kimoja na nusu. Wiki mbili tu, halafu nakwenda mwenyewe, naapa."

Bibi Dufie alimwaga maji yaliyobaki kwenye kibuyu chini, akachota mengine, akaanza upya. Alimwosha polepole, kichwa, mabega, mgongo, miguu, na kile kitambaa akakipita bila kukigusa. Wenzake wakamsaidia. Walimfuta, wakamvika nyeupe, wakampaka udongo mweupe mabegani. Kisha Bibi Dufie akamshika kidevu.

"Mimi sitamwambia Frema," alisema. "Utamwambia wewe. Ukitoka hapo nje ukala yale mayai bila kumwambia, utakuwa umemla yeye."

Tulipotoka vigelegele vilipanda. Watu walimrukia, wakamshika mikono, watoto wakamgusa nguo kuona kama kweli yupo. "Mzimu wetu huyo!" mtu akapaza sauti. "Mzimu, karibu chakula!" Mama Frema alikuja na sahani, viazi vya manjano na mayai yamepangwa juu, uso umevimba kwa kulia na bado unang'aa. Alichukua yai moja akalipeleka kinywani mwa bintiye kwa mkono wake.

Takyiwaa akaushika ule mkono.

Katika filamu kuna mahali Amma anawaambia watoto wake. Tulishakishuti kipande hicho mara nyingi, hakikukubali. Mara alisema haraka mno, mara aliweka machozi yasiyohitajika, mara alitaka maneno yabadilishwe. Sasa alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Mama, naumwa. Titi. Hospitali wanataka kulikata, nami nimewachelewesha."

Walio karibu walisikia, wa nyuma waliendelea kuimba. Kwa muda mfupi yalikuwepo yote mawili. Kisha wimbo ukafa safu kwa safu mpaka getini. Mama Frema alitazama yai mkononi mwake. Akalirudisha kwenye sahani, kwa uangalifu, mahali pake palepale lilipokuwa.

"Nimekulilia jana yote," alisema. "Sina machozi mengine, Takyiwaa. Utanipa wapi?"

Ukoo ulikaa kikao kivulini mwa ukuta wakati huohuo, wote na nguo zao nyeupe. Binamu mmoja aitwaye Asabea alitaka apelekwe kwenye kambi ya maombi, kwa sababu, alisema, tangazo lile halikubandikwa na mkono wa mtu.

"Limebandikwa na Gyimah," Takyiwaa akasema. "Ana ndoo."

"Nyamaza wewe," Mjomba Bosiako akamwambia. "Jana ulikuwa marehemu, leo huna kauli." Akamgeukia dada yake. "Frema?"

"Hospitali," Mama Frema akasema. "Leo. Na hiyo nyeupe yake asiivue."

Takyiwaa alijaribu mara moja zaidi kutaja kile kipande kimoja na nusu. Mama yake alimtazama tu. Ndipo nikamwona, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akikubali kusimamishwa katikati ya kazi.

Walimkata wiki ileile. Daktari alizungumza na mjomba, mjomba akatueleza sisi nje ya wodi, akiangalia fimbo yake. Walikuwa wamekata, kisha picha zikaonyesha mambo yameshakwenda mbali, kwenye mapafu, kwenye mifupa. Tawia alimuuliza kama Takyiwaa angekuja kabla ya Krismasi ingekuwaje. Mjomba akasema naye alimuuliza daktari swali hilo, na daktari akamjibu, na asingependa kulirudia jibu lile kwa mtu mwingine yeyote.

Alikufa mvua zilipoanza kukatika, viazi vikuu vipya havijaingia sokoni. Nilikuwa namwona akikonda na bado sikutegemea. Opare alichapa tangazo na hakumuuliza mtu aandike nini juu; aliandika "Mshtuko Ulioje!" Gyimah alilibandika analia. Nilisimama karibu na Kejetia nikaona watu wakipita mbele ya picha ile. Kijana mmoja alimgusa mwenzake akacheka, akasema, "Huyu mama bado anatangaza filamu yake tu?" Nilitaka kumwambia. Wakawa wameshapita. Ilibidi Mjomba Bosiako atume watu nyumba kwa nyumba, Mampong nzima, kuwaambia kwamba safari hii ni kweli, na hata hivyo wako waliofika mazishini wakaomba kwanza waone mwili ndipo wavae nyeusi.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Mama Frema alikuwa anampa supu ya samaki kwa kijiko. Nilikuwa nimemletea kompyuta, nimwonyeshe kipande cha Amma kitandani jinsi tulivyokiunganisha, kikiishia kabla ya Bibi Dufie kuingia na kilio chake. Niliogopa kumwonyesha. Yeye ndiye aliyedai.

Aliangalia mpaka mwisho. Pale kwenye skrini alikuwa mnene bado, amelala na poda yake ya majivu, anahema polepole. Huku kitandani alikuwa amelala chali, mto mmoja umewekwa ubavuni kumzuia asigeukie upande uliokatwa. Akaomba aone tena. Nikarudisha mwanzo. Safari hii alikunja uso, uso ule wa kazi, akaweka kidole kwenye kioo.

"Wewe Mfante, hukuona? Nimelalia kushoto. Mgonjwa aliyefika mahali hapa halalii upande wenye kidonda, hawezi. Mwambie Tawia alete kamera Jumatatu, tushuti upya. Sasa najua."